Jinsi ya kupima TV ya bei ya kati kwa picha na gemu kabla hujalipa

Malalamiko ni yale yale kila mara. Dukani picha ilikuwa inawaka, nyumbani imefifia. Boksi limeandikwa 120Hz (mara ambazo picha hubadilika kwa sekunde), PlayStation inasema 60. Kipa anaruka mpira ukiwa umeshaingia wavuni.

Mara nyingi TV yenyewe si mbovu. Ilipimwa kwa video ya maonyesho, ikiwa kwenye modi ya duka, bila padi mkononi. Kuna kanuni moja inayotawala hatua zote zilizo hapa chini: picha ya TV ya gemu ipimwe ikiwa ndani ya modi ya gemu. TV nyingi za bei ya kati zina sura mbili. Ukiwasha modi ya gemu, kompyuta ya ndani huacha sehemu ya kazi ya kuremba picha ili iwahi, na hapo weusi hugeuka kijivu, rangi hupoa, taa za nyuma hufanya kazi nusu. Ukisifu picha ya sinema kisha uende nyumbani kucheza gemu, umenunua TV ambayo hukuiona.

Kwa bei ya kati tunamaanisha 4K ya LED au QLED, inchi 43 hadi 65, zile zinazojaa kwenye maduka ya Kampala Road na mitaa ya jirani.

## Vitu vya kubeba

- Flashi ya GB 8 hadi 32, imefomatiwa FAT32. Mifumo mingine hugoma kwenye baadhi ya TV.
- Konsoli yako, padi na waya wake wa HDMI. Waya uliotoka ndani ya boksi la PS5 au Xbox Series X unatosha. Ukinunua mwingine, chukua wenye lebo ya "Ultra High Speed" (Gbps 48), usiozidi mita 3.
- Simu yenye slow motion ya fremu 240 kwa sekunde.
- Futi ya kupimia na ekstensheni ya umeme. Soketi za maduka huwa mbali na TV unayoitaka.
- Picha za kupimia, utakazotengeneza mwenyewe.

Kutengeneza picha hizo ni kazi ya dakika kumi kwenye laptop. Fungua programu yoyote ya kuchora, weka ukubwa wa 3840 × 2160, kisha ujaze rangi moja kwa kila faili: nyeusi (0,0,0), kijivu cha giza (13,13,13), kijivu cha kati (128,128,128), nyeupe (255,255,255), halafu nyekundu, kijani na bluu tupu. Ongeza mbili: mteremko unaotoka weusi upande mmoja hadi weupe upande wa pili, na duara dogo jeupe la pikseli 100 hivi kwenye weusi mtupu. Hifadhi kama JPEG kwa ubora wa juu kabisa, kwa sababu baadhi ya TV hazisomi PNG.

Nenda asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi mchana hakuna muuzaji atakayekuachia remoti nusu saa.

## Hatua ya 1: Soma mgongo wa TV, achana na boksi

Geuza TV utafute kibandiko cha nyuma. Andika namba kamili ya modeli, herufi zote za mwisho zikiwemo, na uitafute kwenye tovuti ya kampuni. Usitosheke na jina la familia ya modeli. Familia moja inaweza kuwa na paneli ya 120Hz kuanzia inchi 50 au 55, na ile ya inchi 43 ikawa ya 60Hz.

Volti. Umeme wetu ni volti 240, 50Hz. Kibandiko kisome 100–240V au 220–240V. Kikisoma 110–120V pekee, TV imetoka Marekani au nchi ya namna hiyo. Iache, hata bei ikiwa ya kuvutia vipi. Hata ungeiwekea transfoma, kitafutaji chake cha antena hakitasoma DVB-T2, mfumo wa TV ya dijitali unaotumika Uganda.

Hz halisi. Tafuta neno "native" au "refresh rate". Namba zilizoandikwa karibu na maneno kama Motion Rate au Clear Motion ni za matangazo, na mara nyingi ni mara mbili ya uwezo wa paneli au zaidi. Usichanganyikiwe pia na 50 na 100: kampuni nyingi huandika hivyo kwa nchi za umeme wa 50Hz, na paneli ni zile zile za 60 na 120.

HDMI. Maandishi "HDMI 2.1" hayatoshi. TV inaweza kubeba jina hilo kwa sababu ina modi ya kujiwasha yenyewe kwa gemu tu, huku ikiishia 4K kwa 60Hz. Angalia penye kila tundu: lile linalopokea 4K kwa 120Hz huandikwa "4K 120" au "144". Kwa kawaida ni mawili kati ya manne, na mojawapo ndilo lile lile la eARC la spika. Mwenye spika ya eARC amebaki na tundu moja la kasi.

Umefaulu ukiwa na namba kamili, volti sahihi, na jibu la 60 au 120 lisilotoka kinywani mwa muuzaji.

## Hatua ya 2: Itoe kwenye modi ya duka

Modi ya duka husukuma mwanga na rangi hadi mwisho ili TV ishinde taa za dukani, na kila dakika chache hurudisha mipangilio yake, kwa hiyo chochote utakachorekebisha kitafutika. Ingia kwenye mipangilio, chagua "Home". Kisha zima kihisi cha mwanga na uokoaji wa umeme, maana vyote viwili hupunguza mwanga kimya kimya katikati ya kipimo.

Sasa chomeka konsoli, washa modi ya gemu kwenye tundu hilo, shusha "Sharpness" hadi karibu na sifuri, na uweke joto la rangi "Warm". Weupe utaonekana wa manjano kwa dakika tano za kwanza. Subiri, jicho litazoea.

PS4 haina uwezo wa kuiambia TV iwashe modi ya gemu. Uwashe kwa mkono. PS5 na Xbox huweza, ila hakikisha kwa macho.

## Hatua ya 3: Usawa wa kioo

Chomeka flashi, fungua kijivu cha kati na usimame mita mbili. Unatafuta madoa, mistari wima, na pembe zilizo giza kuliko katikati. Hakuna LED ya bei ya kati iliyo safi kabisa, kwa hiyo swali ni kama doa liko katikati ya kioo. Katikati ndipo kamera ya gemu ya mpira inapopita muda wote, na doa dogo la kijivu kwenye nyasi litakuudhi kila mechi. Kwenye pembe utalisahau ndani ya wiki.

Pitisha nyekundu, kijani, bluu na nyeupe ukitafuta pikseli iliyokufa. Sogea karibu.

Kisha fungua mteremko. Faili ya JPEG ina hatua 256 tu, kwa hiyo mistari myembamba sana ni ya kawaida. Kasoro ni ukanda mpana, au kijivu kinachoingiwa na waridi au kijani mahali.

Ukiona madoa makubwa, omba kipande kingine cha modeli ile ile. Kasoro hii hutofautiana kati ya TV mbili zilizotoka kiwandani siku moja.

## Hatua ya 4: Giza

Hapa ndipo pesa yako inapokwenda, na ndipo wengi wanapopita haraka.

Kwanza tambua paneli. Fungua picha yenye rangi nyingi, simama katikati, halafu tembea taratibu hadi pembeni. Ikiwa rangi zinapauka ukifika kama nyuzi 30, paneli ni VA. Ikiwa zinabaki vile vile hadi karibu na ukingo, ni IPS au jamaa yake. VA hutoa utofauti wa mwanga na giza wa 3000:1 au zaidi, IPS huzunguka 1000:1. Kwa maneno mengine, weusi wa IPS ni kijivu, na usiku taa zikizimwa utaona. Kwa chumba cha kukaa watu watatu mbele ya TV, chukua VA. Kwa kibanda cha gemu ambako watu wamekaa hadi ubavuni, IPS ina hoja.

Muombe muuzaji azime taa za jirani, au ufunike kichwa na TV kwa kitambaa cheusi ikibidi. Wacha wacheke. Fungua duara jeupe kwenye weusi na upime mara mbili:

1. Modi ya sinema, "Local Dimming" ikiwa juu.
2. Modi ya gemu, mpangilio ule ule.

Kwa flashi, TV zingine hazikubali modi ya gemu. Hapo weka picha kupitia laptop na HDMI.

Ikiwa weusi wa mbali na duara unabaki mweusi katika vipimo vyote viwili, taa za nyuma zinazimika kwa kanda na zinaendelea kufanya kazi kwenye gemu. Ukiona weusi wa kioo kizima unainuka kuwa kijivu mara tu modi ya gemu ikiwashwa, TV imeiacha kazi hiyo. Na ikiwa weusi ni kijivu hata kwenye sinema, kanda hazipo kabisa: taa ni moja kwa kioo kizima, na maneno ya boksi kuhusu HDR (picha yenye mwanga mkali na giza zito kuliko kawaida) yasikuongezee hata shilingi.

Mwanga kidogo kuzunguka duara ni wa kawaida. Duara likizungukwa na wingu lenye upana wa kiganja, kanda ni chache. Kwenye gemu ya usiku, kila taa ya gari itatembea na wingu lake.

Mwisho, fungua kijivu cha giza (13,13,13) kupitia HDMI. Unapaswa kukitofautisha na weusi mtupu. Kikipotea, kiwango cha weusi cha HDMI kwenye TV hakilingani na cha laptop au konsoli: weka vyote "Auto", au vyote "Limited". Maadui waliojificha kwenye vivuli bila kuonekana mara nyingi ni kosa hili, wala si paneli mbovu.

## Hatua ya 5: HDR kwa haraka

Paneli yenye mwanga wa niti 300 hivi (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo) hupokea HDR bila kuweza kuionyesha. Kwa HDR yenye maana tafuta niti 600 kwenda juu pamoja na kanda za taa. Kwenye PS5 fungua "Adjust HDR" ufuate zile kurasa zenye alama ya jua; kwenye TV chagua "HGIG" ikiwepo, ili TV iiachie konsoli kazi ya kupanga mwanga. Anga lenye jua libaki na mawingu yake. Likigeuka shuka jeupe, au picha nzima ikawa giza kuliko bila HDR, izime. Kwa TV ya namna hiyo picha ya kawaida ni nzuri zaidi, na hakuna aibu.

## Hatua ya 6: Mwendo

Fungua gemu yako ya mpira, uwanja wa mazoezi, usiku. Kimbiza mchezaji huku na huko ukitazama namba mgongoni na mistari ya uwanja.

VA nyingi huchelewa kutoka kwenye weusi kwenda kijivu, kwa hiyo kitu cheusi huacha mkia wa moshi nyuma yake. Mkia mfupi unavumilika. Mkia unaofuta sura ya mchezaji hauvumiliki, na hakuna mpangilio utakaouponya.

Usidanganywe na ulaini wa "Motion Smoothing" au MEMC kwenye video ya duka. Fremu hizo zimebuniwa na TV, na kubuni kunahitaji muda ambao modi ya gemu haina.

## Hatua ya 7: Pima ucheleweshaji kwa simu

Muuzaji atasema "haina lag". Mjibu kwa simu.

1. Weka simu kwenye slow motion ya fremu 240. Kila fremu ni milisekunde 4.2 hivi.
2. Iegemeze mahali inapoona kidole gumba chako na kioo kwa pamoja.
3. Ukiwa kwenye mazoezi, bonyeza kitufe kimoja chenye jibu la haraka, mara tano.
4. Fungua video, hesabu fremu tangu kitufe kifike chini hadi picha ianze kubadilika. Chukua wastani.
5. Fanya vile vile modi ya gemu ikiwa imezimwa.

Jumla hiyo ina ucheleweshaji wa padi, konsoli na gemu yenyewe ndani yake, hivyo usiilinganishe na namba za wapimaji wa mitandaoni. Kinachokufaa ni tofauti. Mathalani ukipata fremu 38 bila modi ya gemu na 19 ikiwa imewashwa, tofauti ni 19 × 4.2, karibu milisekunde 80. Hizo ni karibu fremu tano za gemu ya 60Hz, kipa ameshapigwa chenga.

Modi ya gemu iliyo nzuri kwenye 60Hz huwa kama milisekunde 10 hadi 15 kwa TV yenyewe. Ukipima TV mbili kwa konsoli moja, gemu moja na kitufe kimoja, iliyo na fremu chache ndiyo ya haraka. Tofauti ya fremu moja ya simu ipuuze.

Likienda vibaya: modi ya gemu haibadilishi chochote? Hakikisha konsoli haipiti kwenye dikoda au kigawanyio cha HDMI. Hakikisha pia umeiwasha kwenye tundu hilo hilo, kwani TV nyingi huhifadhi mipangilio ya kila tundu peke yake. Mistari ya giza inayopanda kwenye video ya simu ni taa za nyuma zinavyowaka na kuzima; si ubovu.

## Hatua ya 8: Iulize konsoli

Mwenye PS4 ya kawaida aruke hatua hii: inatoa 1080p kwa 60Hz, na TV yoyote ya sasa inaipokea. Usilipie 120Hz kwa ajili yake, labda kama PS5 iko njiani.

Kwenye PS5 ingia Settings, kisha Screen and Video, ufungue ukurasa wa "Video Output Information". Hapo utaona TV imekubali nini. Kwenye Xbox ni "4K TV details" chini ya mipangilio ya TV, yenye alama za vema na kosa.

120 haionekani? Fuata mpangilio huu kabla ya kuilaumu TV:

- Hamia kwenye tundu lenye maandishi ya 120.
- Kwenye TV, badilisha mfumo wa mawimbi wa tundu hilo uwe "Enhanced". Majina hutofautiana: Samsung huita "Input Signal Plus", LG "HDMI Deep Colour". Kiwandani huweza kuachwa kwenye "Standard".
- Rudisha waya wa asili wa konsoli.
- Kwenye PS5 weka Game Presets kwenye "Performance Mode", kisha fungua gemu inayojulikana kuwa na 120.

Kuna mtego mmoja zaidi. TV nyingine za paneli ya 60Hz hupokea 120 kwa kukata nusu ya mistari ya kulala; mbinu hiyo huitwa DLG. Mwendo unakuwa laini kweli, ila 4K imekufa. Uipime kwa Xbox au laptop yenye uwezo: weka 4K kwa 120Hz, soma maandishi madogo. Mistari ya kulala ya herufi ikipotea au kukatika, na ikirudi ukiweka 60, umeikamata. Si bidhaa mbaya kwa bei ya 60Hz. Kwa bei ya 120Hz ni wizi.

VRR (TV kufuata kasi ya fremu za gemu) ikiwepo, iwashe na utazame sehemu ya giza ya gemu nzito. Mwanga ukipepesa, utacheza bila VRR.

## Hatua ya 9: Mechi ya dikoda

Hata mchezaji wa gemu ataangalia ligi. Omba dikoda ya duka, weka chaneli ya mpira isiyo ya HD, na utazame nyasi na sura za watu kutoka umbali wa kwako. Kwa inchi 55 ni mita 1.5 hadi 2.2 kwa 4K, mbali zaidi kwa chaneli hafifu. Nyasi zikichemka kama uji, TV haijui kukuza picha ndogo. Hapa unaruhusiwa kutoka kwenye modi ya gemu.

## Hatua ya 10: Kuibeba na kuiwasha

Lipia kipande ulichokipima, au fungua boksi jipya dukani urudie hatua ya 3 na duara la hatua ya 4. Risiti iandikwe namba ya mfululizo (serial number) iliyo nyuma ya TV, pamoja na muda wa waranti.

Isafirishwe ikiwa imesimama. Inchi 55 kulazwa juu ya boda, kioo kikitazama mbingu, hupinda katikati kwa kila shimo la barabara. Ufa wa ndani hauonekani hadi uwashe. Tafuta gari.

Nyumbani, TV na konsoli vipite kwenye TV guard inayochelewesha umeme dakika kadhaa baada ya kurudi, kwa sababu mshtuko mkubwa huja dakika ile umeme unaporejea. Kama TV ni ya kibanda na inawaka kuanzia asubuhi hadi usiku, shusha taa za nyuma hadi 60 au 70. Vipande vya LED vinavyoachwa kwenye 100 siku nzima ndivyo vinavyojaa kwenye meza za mafundi, na kuvibadilisha kunahitaji kuinua paneli yenyewe, kazi ambayo fundi asiye na mkono mwepesi huimaliza kwa kioo kilichopasuka.